Masika ya Chembe Nyeupe

Jumatatu, 4 Machi

Mvua za masika zimeanza leo saa nne asubuhi. Saa nne na robo umeme ukakatika, cherehani ikanyamaza, na mimi ambaye sijui kukaa bure nikachukua daftari la vipimo vya wateja, nikaligeuza kichwa chini miguu juu, nikaanza kuandika upande wa nyuma.

Habari kubwa niliyonayo ni moja. Miezi mitatu iliyopita nilimpa mdogo wangu figo langu la kushoto. Yeye ni fundi redio, kitinda mimba wa mama yetu, na mafigo yake yote mawili yalikuwa yameuawa na presha. Siku tatu kila wiki alikuwa akifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo langu lilianza kazi palepale. Daktari alisema lilitoa mkojo kabla hajamaliza kushona, nami kama fundi nguo nikamuuliza alitumia mshono gani. Alicheka lakini hakunijibu.

Siku ya tatu walinisukuma kwa kiti cha magurudumu hadi wodini kwake. Nikamwambia, "Hilo nimekuazima tu. Ukilichezea, nakuja kulidai." Akacheka huku ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kumwona. Wifi yangu alinisimamisha mlangoni kama mwizi. Vua viatu nje, nawa mpaka viwiko, vaa barakoa, kaa kiti cha dirishani, usimshike. Jirani aliyekuja na mtoto mwenye mafua alirudishwa kwa maneno matatu tu. Nimembandika wifi jina, Bi Kizingiti. Nyumba ni ya mdogo wangu, figo ni langu, na bado nangoja ruhusa ya kupita.

Dawa zake hupangwa kwenye kisahani, kumi na moja kwa asubuhi peke yake. Nimejifunza zile kubwa. Vidonge viwili vya zambarau ni vya kuufanya mwili usilikatae figo la mtu mwingine. Hivyo vinaulegeza ulinzi wa mwili, na ndiyo maana kuna kingine cha pinki, cha kinga, cha kuzuia kirusi fulani kisiibuke wakati ulinzi umelala. Wifi anavihesabu mara mbili, kisha anasimama kando mpaka cha mwisho kimezwe. Mdogo wangu alinikonyeza nyuma ya glasi ya maji.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Sare nne za shule, kola zote zimekaa upande. Nimefumua.

Jumanne, 19 Machi

Leo ilikuwa kliniki. Waliingia wawili, mume na mke, mimi nikabaki kwenye benchi na mwavuli wao. Walikaa huko ndani muda mrefu. Walipotoka wifi alikuwa ameshika karatasi ya majibu ya damu kama mtu aliyeshika yai.

Chembe nyeupe zimeshuka. Wifi alinieleza tukiwa barazani tukisubiri mvua ipungue. Hizo ndizo zinazopigana na maradhi. Mtu mzima anatakiwa awe na nne na kuendelea, yeye ana mbili nukta moja. Kile kidonge cha pinki kinamkinga na kirusi, lakini upande wa pili kinazipunguza chembe zenyewe. Vya zambarau navyo vinazipunguza. Vikikaa pamoja ndani ya mtu mmoja, maji yanazidi unga. Daktari ameamua cha pinki kibaki, vya zambarau vipunguzwe, kimoja badala ya viwili asubuhi na jioni.

"Mbona asiondoe hicho cha pinki?" nikauliza. "Apunguze dawa ya kulilinda figo, na ya kirusi aiache ilivyo?"

Wifi akamtazama mumewe. Mdogo wangu akasema mvua imepungua, twendeni.

Nimeiandika ile namba hapa, 2.1, kwenye ukurasa ambao upande wa pili una kiuno cha bibi harusi.

Alhamisi, 28 Machi

Wifi alikuwa uani anaanua nguo. Mdogo wangu alivuta kiti chake karibu na changu, kinyume cha sheria.

"Dada, lile boksi la zambarau nililoliacha kwako lipo?"

Alipotoka hospitali mwezi wa Desemba alikaa kwangu wiki tatu, kwa kuwa mimi niko karibu na hospitali. Boksi moja zima lilibaki kwenye droo ya nyuzi.

"Lipo. Kwani wifi hakupi?"

"Ananipa kimoja. Kimoja si kitu, Dada. Nikilala nalisikia hapa." Akashika ubavu wa chini kulia, mahali walipoliweka. "Likikataliwa je? Nitakutazama na uso gani?"

Niliwaza njia nzima. Daktari mwenyewe ni kijana, amejaa vitabu. Wifi hajawahi kutoa hata pinti ya damu. Mimi ndiye niliyepasuliwa. Kama kuna mtu ana haki ya kusema figo hili lilindwe kwa vidonge vingapi, ni mimi.

Ijumaa, 29 Machi

Nimempelekea shati jipya, nimelikunja vizuri. Boksi limo ndani ya mkunjo. Bi Kizingiti alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka kabatini bila kulikunjua. Nimejiona mjanja siku nzima.

Jumanne, 9 Aprili

1.4.

Daktari ameshangaa. Amepunguza vya zambarau, na chembe nyeupe zinazidi kushuka. Kwa hiyo, akasema, mbaya wetu ni kidonge cha pinki. Kisimamishwe, na achomwe sindano za kuziamsha chembe kwa siku tano. Wifi amefundishwa na nesi kumchoma mwenyewe, kwenye ngozi ya tumbo.

Nilikuwepo safari hii, nimekaa pembeni ya mlango. Mdogo wangu hakunitazama, nami sikumtazama. Ilikuwa rahisi kusema, kwa sababu daktari alituuliza kabisa, "Vya zambarau anakunywa kimoja kimoja?" Wifi akajibu, "Ndiyo, nampa mwenyewe." Hakusema uongo. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu.

Jumapili, 14 Aprili

Paa linavuja juu ya meza ya kukatia. Nimeweka beseni. Nimewaza nimwambie aache vile vidonge, halafu nikawaza kwamba sindano zitatengeneza mambo.

Jumamosi, 20 Aprili

3.2. Sindano zimefanya kazi. Mdogo wangu alikuwa mezani kwake, amefungua redio ya mtu, ametoa matumbo yake yote. Alinifungulia ya kwake kwa sauti kubwa, akatikisa mabega. Wifi alitabasamu, mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Akaniambia, "Wifi, kaa, maji ya chai yako jikoni." Nimekaa. Nimekunywa chai yake na sikuisikia ladha yake.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua. Mdogo wangu anasema amechoka tu. Tumbo limemvuruga kidogo.

Jumamosi, 4 Mei

Naandika nikiwa kwenye korido ya hospitali, daftari gotini.

Asubuhi wifi alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa na hapo ndipo nilipoogopa. "Wifi, njoo hospitali. Homa thelathini na tisa nukta nne. Anahara tangu jana, na sasa anahema." Nilifika na gauni la mteja begani, sikujua nimelibeba.

Wamemuweka chumba cha peke yake. Ana oksijeni puani, ana dripu mikono yote miwili. Chembe nyeupe ni 0.9. Daktari wetu, yule kijana, alikuja akiwa amevaa viatu vilivyolowa, akavuta kiti akakaa usawa wetu. Nikajua hakuna mzaha tena.

Alisema kile kirusi kilichokuwa kinazuiwa na kidonge cha pinki kimeibuka. Kimo kwenye damu, kimo kwenye matumbo, na picha ya kifua inaonyesha kimefika mapafuni. Nikamuuliza kimetoka wapi, maana wifi hajaruhusu hata inzi kupita mlangoni. Nilisema hivyo, nikamtetea wifi bila kukusudia.

Daktari alinijibu. "Hakikuingia mlangoni, mama. Watu wengi wanacho. Mtu anakipata utotoni, anapona bila kujua, kinalala ndani yake maisha yote bila kumdhuru. Ndugu yako hakuwahi kuwa nacho. Alipopandikizwa figo, kilikuja nalo."

"Figo langu?"

"Tulilijua hilo tangu vipimo vya kwanza. Ndiyo sababu ya dawa ya kinga. Si kosa lako hata kidogo."

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi limenilea miaka arobaini na sita, nikamkabidhi mdogo wangu ambaye halimjui.

Nilimgeukia wifi. "Na wewe ulijua?"

"Tangu kabla ya upasuaji. Alinikataza nisikuambie. Alisema ukijua utaogopa kulitoa, na ukishalitoa utajilaumu." Akarekebisha barakoa yake. "Siku ile ya kliniki ulipouliza mbona kisiondolewe cha pinki, nilitaka kukujibu. Akanitazama."

Nimemwita mwanamke huyu Bi Kizingiti miezi miwili mizima. Nimeona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Jumapili, 5 Mei

Hali ileile. Mvua haikukatika kutwa.

Jumanne, 7 Mei

Dawa ya dripu ya kukipiga kirusi ni ndugu wa kile kidonge cha pinki. Inaua kirusi, na inazishusha chembe nyeupe zilezile. Leo 0.6. Daktari anaandika, anafuta. Nilimsikia akimwambia mwenzake haelewi kwa nini uboho, pale damu inapotengenezwa ndani ya mifupa, umechoka kiasi hiki wakati dozi ya zambarau ilipunguzwa tangu Machi.

Nilirudi dukani kwangu, chumba cha mbele cha nyumba yangu, nikajifanya nina kazi. Saa tano wifi akaingia, kilemba kimelowa. Hakuketi. Aliweka boksi juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na mkasi.

"Nimelikuta ndani ya redio mbovu. Ile aliyoniambia nisiiguse, ina shoti."

Nilisogeza mkasi pembeni.

"Karatasi ya dawa imeandikwa Desemba. Desemba alikuwa anakaa hapa kwako, wifi."

"Ni mimi niliyempelekea."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu. Ndani ya lile shati."

Nilingoja matusi, na nilikuwa nayataka. Yeye alivuta kigoda akakaa, akatazama beseni linavyopokea maji ya paa.

"Lile shati nililipiga pasi mimi," akasema. "Nikawa najisemea, wifi yangu ana maneno mengi lakini ana roho nzuri."

Nililia mbele yake bila kuficha uso. Ninaandika wazi ili nisije nikajidanganya baadaye: daktari alipunguza zambarau ili chembe zipande na cha pinki kiendelee kumkinga. Sisi tulivirudisha vya zambarau kwa mlango wa nyuma. Chembe zikashuka, daktari akadhani kosa ni la cha pinki, akakiondoa, na kirusi changu kikapata njia. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi siku zote nikitazama nguo za wifi.

"Twende ukamwambie daktari," wifi akasema. "Nikisema mimi, ataona namsingizia mume wangu."

Tulikwenda chini ya mwavuli mmoja. Nilisema yote, nimesimama. Daktari alivua miwani. Hakunifokea. Alisema, "Asante kwa kuniambia," akaanza kuandika upya.

Alhamisi, 9 Mei

Sasa njia ni moja. Vya zambarau visimamishwe vyote, na hizo dawa nyingine za kulilinda figo zishushwe mpaka karibu na chini, ili mwili uamke upigane. Lakini mwili ukiamka utamwona na mgeni aliyewekwa ubavuni, na huenda ukamkataa. Daktari alisema "huenda", ila macho yake hayakusema hivyo.

Mdogo wangu amekataa. Anaongea maneno mawili, anavuta pumzi, anaongeza mawili. Amemwambia daktari afanye jambo lolote lakini figo la dada asiliguse. Wifi amembembeleza, amepiga magoti. Mumewe amegeuza uso ukutani.

Wifi alitoka akanikuta koridoni. "Hanisikii mimi. Anakungoja wewe."

Ijumaa, 10 Mei

Nimefika mpaka mlangoni nikarudi. Ukweli wenyewe ni mchungu: hata mimi silitaki life. Nililitoa likiwa zima, nikajivuna nalo sokoni na msibani. Nimetumia siku moja ya mdogo wangu kwa ajili ya majivuno hayo.

Jumamosi, 11 Mei

Nimeingia saa tatu asubuhi. Nimevaa gauni la plastiki na barakoa mbili, mikono nimeinawa mpaka imechubuka. Wifi alinifungulia mlango mwenyewe, akaufunga nyuma yangu, akabaki nje.

Amekonda. Shingo yake imekuwa kama ya alipokuwa na miaka kumi, alipougua surua nikamlisha uji kwa kijiko.

"Dada. Usiseme."

"Nitasema."

"Ulisema umeniazima." Alivuta pumzi. "Sijalichezea. Nimelitunza."

"Nilikuwa nakutania, mdogo wangu. Ule ulikuwa utani."

"Najua. Lakini kila asubuhi... nalishika, nasema, hili la dada. Mke ukimpoteza utaoa mwingine. Redio utanunua." Akakohoa mpaka mashine ikalia, nesi akachungulia, nikampungia mkono aende. "Dada hakati tena nyama yake akanipa."

Nilikuwa nimepanga maneno laini. Yote yalinitoka, nikabaki na hasira, na hasira ndiyo lugha yangu tangu zamani.

"Sikiliza. Mimi sikumpa figo maiti. Nilimpa mtu anayenitania, anayenitengenezea redio kila mwezi inaharibika palepale. Ukifa nalo, utakuwa umeniibia vyote viwili, figo na ndugu. Nilisema nitakuja kulidai. Haya, nimekuja. Liache liende."

Machozi yalimtiririka yakaingia chini ya mpira wa oksijeni.

"Utanisamehe?"

"Boksi nilileta mimi."

"Niliomba mimi."

"Basi tuko wawili. Mwambie daktari."

Daktari alipoitwa, hakuweza kusema, alimnyooshea kidole gumba. Nilitoka nje nikamkuta wifi ameketi sakafuni koridoni. Nikaketi karibu naye. Bega lake lilikuwa limelowa mvua, nami nikaliegemea.

Alhamisi, 16 Mei

1.1.

Jumapili, 19 Mei

1.9. Homa imeshuka. Ameomba uji.

Alhamisi, 23 Mei

3.4. Daktari amesema kirusi kinapungua kwenye damu na mapafu yanasafika. Wifi alisali kwa sauti koridoni. Kwenye karatasi ileile, mstari wa chini, kuna namba ya figo, ile isiyotakiwa kupanda, na hiyo imepanda maradufu. Hakuna aliyeisoma kwa sauti.

Jumatano, 29 Mei

Chupa ya mkojo ina kidole kimoja tu tangu asubuhi. Miguu yake imevimba. Nimempima kifundo kwa futi yangu ya nguo, inchi kumi na mbili. Alisema, "Dada, unanishonea nini huko chini?" Tulicheka. Nilitoka nikaenda kulia chooni.

Jumatatu, 3 Juni

Mvua imekatika. Jua limewaka toka asubuhi na barabara inafuka mvuke. Leo amerudishwa kwenye mashine. Kiti kilekile cha karibu na dirisha, anasema, hata mpasuko wa ngozi ya kiti ni uleule. Figo hawalitoi, limekwishakufa, litasinyaa taratibu humohumo. Alimuuliza daktari kama linaweza kuamka. Daktari akasema hapana.

Kupandikizwa tena, labda, baada ya miaka. Hatuna mwingine wa kutoa katika ukoo.

Ijumaa, 7 Juni

Wifi amenifundisha kupanga dawa kwenye kisahani ili apate siku moja ya kupumzika. Zamu yangu ni Ijumaa. Nilihesabu mara mbili, nikasimama mpaka cha mwisho kimezwe. Mdogo wangu hakunikonyeza.

Jumanne, 18 Juni

Leo ilikuwa zamu yangu ya kupimwa, mimi niliyetoa. Miezi sita imetimia.

Daktari alinipaka mafuta ya baridi mgongoni, akapitisha kile kifaa chake, akageuza kioo nami nione. Alifurahi. Kwa masika yote haya sikumwona akifurahi hivyo. Alisema figo nililobaki nalo limekua. Limenenepa, limechukua na kazi ya mwenzake; peke yake linafanya karibu kazi ya mawili. Damu yangu ni safi kabisa, presha ni ya msichana. "Mwili wako umejazia pengo lote," akasema. "Kama hukuwahi kutoa kitu."

Nilimshukuru. Nilifunga vifungo vya blauzi, nikakosea, nikafungua nikafunga upya.

Chumba cha mashine kiko mwisho wa korido hiyohiyo. Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye kiti chake cha dirishani, mipira miwili imejaa damu inakwenda na kurudi, wifi yuko pembeni anamkata kucha. Alipoona natoka upande wa vipimo alijiinua kidogo kwa kiwiko.

"Wamekwambiaje, Dada?"

Wifi alinyanyua macho, akanisoma uso, akarudi kwenye kucha.

"Wamesema nipunguze chumvi," nikamwambia.

"Hata mimi," akasema, akasogeza miguu ili nipate pa kukaa.